Ukuta wa Kushoto

Niliondoka Lodwar nimelala juu ya magunia ya samaki wakavu, nimejifunika turubai, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa cha mke wa dereva na mtoto wao aliyekuwa na homa. Lami ya barabara ile ilikuwa imebaki vipande vipande, na madereva waliona afadhali kupita kando yake, mchangani. Kainuk tulisubiri malori mengine yafike ili tupande mlima pamoja tukiwa na polisi wa kutulinda na majambazi. Nilipoteremka Kitale nilinuka samaki hata mama mmoja wa hoteli akaniomba kwa upole ninywee chai nje. Hapo nikapata lori la mahindi hadi Eldoret, nikakaa Eldoret mpaka nikachoka kukaa, kisha lori jingine, la mabati, likanipitisha Timboroa kwenye baridi ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa kule kwenye joto. Meno yaligongana mpaka Mau Summit. Tulipoanza kuteremka kwenda Salgaa jua likatoka. Baadaye nikaliona ziwa la Nakuru mkono wa kulia, kingo zake nyeupe kama chumvi iliyomwagika, na Menengai mkono wa kushoto, nikajua nimefika, ingawa hakuna mtu mjini aliyekuwa akinisubiri.

Ulikuwa mwaka 2007, katikati. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa nimeshafanya kazi katika miji mingi kuliko niliyoweza kuieleza bila watu kudhani namkimbia mtu. Lodwar nililinda ghala. Kabla ya hapo nilikuwa Isiolo, na kabla ya Isiolo, Voi. Sikuwa namkimbia mtu. Kila nilipofika nilianza kukumbuka mahali pengine, na kumbukumbu hiyo ilinisumbua mpaka nikafunga mzigo. Safari hii nilikuwa nimekumbuka chumba kimoja nyuma ya soko la Nakuru, chumba cha gemu.

Nilikijua nikiwa shule ya bweni upande wa Njoro. Siku ya kufunga shule tulipita hapo kabla ya kwenda makwetu, na wengine wetu tulichelewa kufika nyumbani kwa sababu hiyo. Mwenyewe alikuwa dereva wa lori la mbao za Elburgon. Alikuwa amenunua mashine moja ya gemu kwa mtu aliyerudi kutoka ng'ambo, akapanga chumba, akapigilia mabenchi kwa mbao za saiprasi, na tangu hapo hakuendesha lori tena. Mashine ilikuwa na gemu moja tu iliyopendwa, gemu ya kupigana. Diski yake ilikuwa ya kunakili na maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Hakuna aliyejua gemu inaitwaje wala wapiganaji wake ni akina nani, kwa hiyo Nakuru ikawabatiza. Mwenye suti na miwani alikuwa Karani. Mwenye kanzu ndefu alikuwa Askofu. Mwanamke wa mikono mirefu, aliyeanza kwa kofi kabla ya kuja na ngumi, alikuwa Mama Mkwe. Mmoja alisimama kama ameegemea hewa, mguu mmoja mbele, na huyo hakuweza kuwa mwingine ila Kondakta.

Sheria ya vyumba vya gemu ilikuwa ile ile kila mji niliopita: anayeshindwa analipa na kuachia kiti, mshindi anabaki. Lakini chumba hiki kilikuwa na sheria ya ziada, na hiyo ndiyo iliyowaleta watu hata kutoka Gilgil. Pambano lilifanyika darajani, na upande wa kushoto wa daraja kulikuwa na ukuta wa mawe. Mpiganaji akisukumwa hapo kwa nguvu nyingi mno, alizama ndani ya ukuta. Miguu ilibaki nje ikirusharusha, na ngumi hazikumfikia tena. Hilo tuliliita kupotelea Menengai, kwa sababu kila mtoto wa Nakuru ameshasimuliwa habari za watu walioshuka kwenye shimo la mlima ule wasionekane tena. Mtu akipotelea Menengai, mchezo haukusimamishwa. Chumba kizima kiliimba kumwita arudi, wimbo wa kubuni tu, wenye jina la mpiganaji katikati, mpaka saa ya raundi iishe. Akitoka, pambano liliendelea. Asipotoka, aliyemsukuma ndiye aliyehesabiwa ameshindwa, na ndiye aliyelipa.

Kwa hiyo ufundi wa Nakuru haukuwa wa kumpiga mtu. Ulikuwa wa kumpeleka mpaka ukingoni na kumwacha hapo, bega likigusa jiwe, bila kumzamisha. Mwenye nguvu alilazimika kuipima nguvu yake. Nimecheza gemu hiyo katika miji mingine na nikaona watu wakipigana tu, nikasikitika kwa niaba yao.

Nilikikuta chumba mahali pake, mlango ule ule wa kijani. Mwenyewe alikuwa amefariki. Mjane wake alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni akichambua mboga za terere, na watu wote walimwita mathe, yaani mama, nami nikamwita hivyo.

"Mathe, mimi nilikuwa nakuja hapa zamani. Nikiwa shule, Njoro."

Alinitazama viatu kwanza. "Yule aliyekuwa akilia akishindwa?"

"Hapana, huyo alikuwa rafiki yangu."

"Wote mnasema alikuwa rafiki yenu. Ingia, lakini usikanyage waya. Ukikanyaga, inazima na haiwaki tena mpaka kesho."

Mashine ilikuwa imepinduliwa, tumbo juu, kwa sababu jicho linalosoma diski lilikuwa limechoka na halikuona tena ila mashine ikilala chali. Juu yake paliwekwa taulo lililokunjwa na tofali. Waliokuwepo ni watatu, na hao watatu ndio waliokuja karibu kila siku: mwenye bucha wa soko, mtu mpana aliyecheza na Askofu, mwalimu wa shule ya msingi aliyecheza na Karani, na kijana wa familia ya Kisikh aliyeuza spea za magari mtaa wa pili, bingwa wa Mama Mkwe. Zamani watu walisimama mpaka nje. Sasa vijana walienda kwenye vyumba vipya vilivyokuwa na mpira wa miguu, skrini kubwa na wachezaji wenye sura za kweli, na hapa walibaki wazee wa gemu, watu wa miaka thelathini na kitu.

Nilipanga chumba mtaa wa Rhonda na nikawa namsaidia mathe, kufungua asubuhi, kufagia, kubadilisha tofali mashine ilipogoma. Nilikuwa na furaha, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu siku hizi siamini sana nilichokuwa nakihisi. Nilisafiri mwendo wote ule kukirudia kitu, nikakikuta, na mtu akikuta anachokitafuta haulizi kimebakiza uhai kiasi gani.

Mashine ilikufa mwezi wa tisa au wa kumi. Mwalimu alikuwa katikati ya raundi, picha ikasimama, ikawa nyeusi. Tulijaribu matofali mawili. Tulijaribu kuisimamisha ubavu. Fundi wa redio alikuja akaifungua, akapuliza, akaifunga tena.

"Jicho limeisha, mathe. Na hizi macho haziji tena. Hii kitu wenyewe waliacha kutengeneza."

"Kwingine hakuna?"

"Iko moja Naivasha, nayo imelala chali kama hii."

Wiki ile ile alikuja mwenye jengo. Alikuwa mzee wa Kihindi wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu mstaarabu ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, kijana wangu anataka kufungua duka la simu. Nilimwambia angoje, kwa sababu ya mzee wako. Lakini sasa chumba kinakaa bure, watu hakuna."

"Watu watarudi."

"Mimi sikufukuzi. Tungoje mwaka mpya. Watu wakiwa wamerudi, kijana atatafuta kwingine. Wasiporudi, utaniambia wewe mwenyewe. Sawa?"

Alipoondoka mathe aliendelea kukaa kwenye kigoda chake, kisu mkononi, mboga hakuzigusa. Aliniambia chumba kikienda, hana njia nyingine ila kurudi Elburgon kwenye boma la shemeji zake. Hawakuwa watu wabaya, alisema. Lakini huko angepewa chumba cha uani na kila jambo lake lingekuwa na mtu wa kuliuliza, ameenda wapi, amerudi saa ngapi, sukari imeisha vipi. Hapa mjini alikuwa mathe wa gemu. Kule angekuwa mjane wa marehemu mpaka naye afe.

Kijana wa spea ndiye aliyeleta habari. Alikuwa ameingia kwenye mtandao kutafuta bei za vipuri, akaikuta gemu yetu. Ilikuwa imetolewa upya kwa mashine za kisasa, imesafishwa picha, imerekodiwa sauti upya. Alichapisha picha moja akaja nayo imekunjwa mfukoni. Tuliitandika kwenye benchi. Alikuwa Karani, lakini Karani aliyenawa uso. Mistari ya suti ilionekana. Miwani ilimetameta.

"Huyu amepandishwa cheo," akasema mwenye bucha.

"Mathe, lete hii," akasema mwalimu. "Wacha hao watoto na mpira wao. Wote waliokuwa wanakuja hapa, wakisikia imerudi, na ni safi hivi, watarudi. Mimi nawajua. Wengine wana magari siku hizi."

"Nikileta, mtakuja kweli?"

"Mathe, sisi twende wapi?"

Vijana wawili watatu waliokuwa wakipita walimshauri anunue mpira kama wengine. Mimi nilitaka gemu yetu, kama wale watatu, na sidhani kuna mtu kwenye benchi lile aliyekuwa na shaka. Mathe alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyeachwa kwa shemeji Elburgon. Alienda akamwuza, akapanda basi la Nairobi, na jioni ya pili akarudi na boksi kubwa amelifunga kwa leso.

"Nilimwuliza yule kijana wa duka," alituambia akifungua fundo. "Nilimwambia, kwenye daraja, ule ukuta wa kushoto upo? Akaniambia, mathe, kila kitu kipo, hata vingine vimeongezwa."

"Alikuuliza ukuta wa nini?" nikamwuliza.

"Hakuniuliza. Alikuwa anasikia muziki."

Tulifungua Jumamosi mchana. Mwalimu alikuwa amepiga simu, mwenye bucha alikuwa ametangaza soko zima, na watu walikuja. Walikuja watu ambao sikuwa nimewaona tangu shule, na vitambi vyao, na mmoja na mkewe aliyetaka kuona ni nini hasa mumewe alikuwa akikipoteza hapa. Mabenchi yalijaa, wengine wakasimama, wengine wakabaki mlangoni wakinyoosha shingo. Mathe alisimama nyuma kabisa, mikono imefichwa ndani ya leso, na nilimwona akihesabu vichwa kwa macho.

Televisheni ikawaka. Nitasema kweli: ilikuwa nzuri. Maji ya chini ya daraja, ambayo kwetu yalikuwa vipande vya buluu vinavyorukaruka, sasa yalikuwa maji. Kulikuwa na miti nyuma ambayo hatukuwahi kujua ipo. Kisha wapiganaji wakaanza kuonyeshwa mmoja mmoja, na chini ya kila mmoja maelezo, na safari hii maelezo yalikuwa kwa Kiingereza. Mwalimu akawa anatusomea.

Askofu hakuwa askofu. Alikuwa mpishi wa jumba la kifalme.

"Mpishi?" akasema mwenye bucha.

"Imeandikwa mpishi."

"Na ile kanzu?"

"Ni aproni."

Watu walicheka, na mwenye bucha alicheka pia, ingawa nilimwona akiitazama skrini kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu yake. Karani alikuwa jasusi. Kondakta alikuwa mwana wa mfalme aliyejeruhiwa mguu, na ndiyo sababu alisimama vile. Mama Mkwe alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi.

"Kwa hivyo," akasema mwenye bucha, akimgeukia kijana wa spea, "miaka yote hii nimekuwa nikimwogopa mtoto wa shule."

"Ulikuwa na haki ya kumwogopa," kijana akamjibu. "Bado atakuchapa."

Mpaka hapo tulikuwa sawa. Pambano la kwanza lilikuwa la mwalimu na mwenye bucha, Karani na Askofu, kama ilivyokuwa lazima liwe. Mwalimu alikuwa bado na mikono yake. Alimrudisha Askofu nyuma hatua kwa hatua, kushoto, kushoto, mpaka bega likagusa ukuta, na alipofika pale akasita, kama tulivyofunzwa wote, akipima. Kisha, nadhani kwa furaha tu, akasukuma mno. Chumba kizima kilivuta pumzi kwa ajili ya wimbo. Wengine walikuwa wameshaanza.

Askofu aligonga ukuta, akadunda, akasimama.

"Rudia," mtu akasema.

Mwalimu akasukuma tena. Akadunda.

"Sukuma kama mtu amekula."

"Nimesukuma."

"Boss, labda ni upande mwingine. Jaribu kulia."

Alijaribu kulia. Alijaribu kwa teke na kwa bega. Kijana wa spea alichukua pedi ya kuchezea akajaribu na Mama Mkwe. Ukuta ulikuwa mzuri sana, nakumbuka, kila jiwe na kivuli chake na ukungu wa kijani kwenye mianya, na haukumpokea mtu.

"Wameziba," akasema mwenye bucha.

"Akina nani?"

"Wenyewe. Wameona kuna tundu, wakaziba."

Mwalimu aliweka pedi magotini. Alisema polepole, kama mtu anayesahihisha daftari ambalo hakutaka kulisahihisha, "Kumbe lilikuwa kosa. Kwenye ile ya zamani. Lilikuwa kosa la waliotengeneza."

Nadhani ni hapo chumba kilipokufa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria hivyo. Tuliamini ukuta ule uliwekwa na watu wa huko, kwa makusudi, kama mtihani. Tuliamini Wajapani wenyewe nao hukaa kwenye mabenchi yao wakiimba. Kosa dogo la mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi, Nakuru ikalijengea sheria, ufundi, mabingwa na wimbo, na sasa mwenye kazi alikuwa amerudi akalisafisha, kama ilivyokuwa haki yake.

"Amepotea?" mathe akauliza kutoka nyuma. Alikuwa mfupi, hakuona.

"Hapana, mathe," akajibu mwenye bucha. "Hapa hapotei mtu."

Tulijaribu kuokoa. Mwalimu akapendekeza tukubaliane: anayegusa ukuta ahesabiwe amezama. Ilionekana ni akili. Lakini zamani ukuta ndio ulioamua, na ukuta haukuwa na rafiki. Sasa tulilazimika kuamua sisi. Amegusa. Hajagusa, ni kivuli. Wewe uko wapi ukaona? Yule mke aliyekuja kuona alisema amegusa, mumewe akasema hajagusa. Hakukuwa na ugomvi, ila sauti zilianza kupanda kwa namna ambayo hazikuwahi kupanda hapo, kisha zikashuka zote pamoja, kwa aibu. Baada ya hapo watu walicheza kwa adabu, wakipokezana, wakisifu picha. Walimsifu mathe. Walimshika mkono wakitoka. Nimeshahudhuria mazishi ambayo watu walikuwa wachangamfu zaidi.

Wale watatu waliendelea kuja, nusu saa, siku moja na kuacha mbili. Ilikuwa kwa heshima tu, na mathe alijua. Desemba ilipoingia hata maneno ya kwenye benchi yalibadilika, uchaguzi ulikuwa karibu na watu waliojuana miaka mingi walianza kuchagua la kusema mbele ya nani. Mwenye bucha alisema tungoje sikukuu ziishe, watu watakuwa na nafasi. Mathe alisema sawa.

Januari hiyo, ya ghasia za baada ya uchaguzi, kila mtu wa Nakuru anaijua na sina la kuongeza. Moshi ulitoka mitaa ya chini, kukawa na amri ya kutotoka nje, na uwanja wa maonyesho ukajaa mahema. Chumba chetu hakikuguswa. Mlango wa kijani haukuwa hata na mkwaruzo, na tulipofungua tena tulikuta kila kitu kama tulivyokiacha, vumbi tu. Lakini bucha ya yule mtu mpana ilikuwa imechomwa, naye alikuwa ameondoka na jamaa zake kwenda kwa watu wao, bila kumuaga mtu. Mwalimu aliomba uhamisho akapewa upesi, kwa sababu wakati huo walimu wengi walikuwa wakiomba kupelekwa kwao. Kijana wa spea alikuja mara moja, akasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akasema familia inahamia Nairobi, labda na mbele zaidi. Mathe alimkaribisha raundi moja. Akasema mkono unamuuma.

Februari yote tulifungua kila asubuhi. Vijana walichungulia.

"Niaje mathe, hakuna ya mpira?"

"Hakuna."

"Poa."

Mchana nilicheza na mathe mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine. Alimchagua Mama Mkwe na alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea. Nilipata muda wa kuijua gemu ile vizuri, na kwa kuwa watu bado huniuliza jambo hili, nitalijibu. Mahali ninapofanya kazi sasa kuna vijana wenye watoto, na kila mwaka gemu ya utoto wao hutolewa upya, imesafishwa, nao huniuliza, kwa kuwa wanajua niliwahi kukaa na mashine: ninunue? Huwa nawaambia hivi. Kama hukuicheza ya kwanza, nunua, utapata gemu nzuri, na hutajua kilichoondolewa. Kama uliicheza, usinunue. Hukosi picha safi. Hukuwahi kulalamika kuhusu picha. Kitu unachokitaka hakikuwa ndani ya diski, na waliotengeneza hawakukijua, wasingeweza kukirudisha hata wangetaka. Wao wanarudisha walichokitengeneza. Huwa hawanisikii, wananunua, na baada ya wiki naona hawaizungumzii tena. Sijawahi kukutana na aliyeniambia nilikosea.

Najua jibu hilo linanihusu mimi pia, na miji yangu. Kulijua hakujanisaidia. Bado nafunga mzigo.

Mwezi wa tatu mathe alivaa gauni lake la kanisani akaenda dukani kwa mwenye jengo, kumwambia mwenyewe, kama walivyokubaliana. Sikwenda naye. Aliporudi alisema mzee alimpa kiti na soda, na akamwambia anaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi, na mathe akamwambia hakuna haja.

Mashine alimwuzia mtu wa Naivasha aliyekuwa akifungua chumba huko. Mtu huyo aliiwasha, akaikagua pande zote, akaridhika. Kisha akatoa diski na kuitazama.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kupigana," mathe akamwambia. "Ni safi, haina hata alama."

Akaiweka juu ya benchi. "Kaa nayo, mathe. Watu kwetu wametosheka na kupigana. Mimi nitaweka mpira."

Siku ya kuhama shemeji yake alikuja na pikapu kutoka Elburgon. Alikuwa mtu mwenye heshima, alinisalimia kwa mikono miwili, na mara moja akaanza kumweleza mathe vitu gani havina haja ya kubebwa. Televisheni ni ya zamani. Kigoda kipo nyumbani. Mabenchi yabebwe, mbao bado ni nzima. Mathe hakubishana. Tulipakia, shemeji akavuta kamba, na mathe akapewa nafasi ya kukaa mbele, pochi mapajani.

"Na wewe?" akaniuliza dirishani.

"Nitaanza na Kericho, mathe. Halafu nitaona."

"Utaona," akasema. Hakuwa ananicheka. "Kericho kuna baridi asubuhi, nunua sweta."

"Mathe, ile diski umebeba?"

"Nimempa mtoto wa mama wa chapati. Anataka kuitundika shambani iogopeshe ndege."

Shemeji akauliza kama kuna mtu mwingine tunayemsubiri. Mathe akasema hakuna. Pikapu ikageuka kwa shida kati ya mikokoteni ya soko, ikashika njia ya Njoro, na mathe hakutoa mkono nje wala kutazama nyuma, kwa sababu shemeji alikuwa ameshaanza kumwambia jambo na alikuwa akiitikia.

Nilirudi ndani kuchukua mkoba wangu. Kijana wa mwenye jengo alikuwa amefika na futi ya kupimia, akipima ukuta wa mashimo ya misumari ambapo televisheni ilikuwa. Aliniomba nimshikie ncha moja, nikamshikia.

"Boss, hapa palikuwa na biashara gani?"

"Gemu."

"Ya mpira?"

"Hapana."

Alingoja kidogo kama kuna zaidi, kisha akaandika kipimo chake mkononi kwa kalamu na kuniambia niachilie. Niliachilia, nikachukua mkoba, nikatoka kwa njia ya sokoni hadi kwenye magari ya Kericho. Sijakanyaga Nakuru tena.